Mikono Iliyovuka Ruvuma

Mahurunga, mkoani Mtwara, ipo kwenye ukingo wa Ruvuma, mto unapokaribia bahari. Ng'ambo ni Msumbiji. Wamakonde wapo pande zote mbili, na tangu zamani wamevuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kuzika na kulima. Karne iliyopita, vijana wengi wa uwanda wa juu wa Mueda, upande wa Msumbiji, walivuka kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baadhi yao walikuja na tezo. Sanaa ya kisasa ya Tanzania ina deni kubwa kwao.

Mpingo, mti wa vinyago vyao, hauchongwi kwa pupa. Ni mzito hata huzama majini, na hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa. Mchongaji huketi chini, akalibana gogo kwa nyayo, akaondoa gome na ule ubao wa nje wenye umanjano mpaka weusi wa kiini ujitokeze. Hapo huingia patasi, kisha tupa, mwisho msasa. Mara nyingi hana mchoro wa kufuata. Gogo lina mapindo, nyufa na mashimo yake, naye hushauriana nalo huku akikata. Mfinyanzi akikosea hukanda upya udongo wake. Mchongaji akishakata, amekata.

Ujasiri huo ndio uliozaa mitindo mipya. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 kinyago cha mchongaji Samaki Likankoa kilivunjika mikononi mwake. Hakukitupa. Aliendelea kukichonga mpaka kikawa kiumbe asiye mtu wala mnyama, na mtindo wa shetani ukaanza. Naye Roberto Yakobo Sangwani alichonga mwanamieleka mshindi akiwa amebebwa na wenzake, na kutokana na kazi hiyo ukakua mtindo wa ujamaa. Kitazame kinyago cha ujamaa kwa karibu: kisigino kimekanyaga bega, mkono umeshika kiuno cha jirani, mtoto amechungulia kwapani mwa bibi. Hakuna gundi wala kiungo; ukoo mzima umetoka katika gogo moja.

George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1934, alianza na uchongaji. Baadaye, akiwa kwenye kituo cha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, aliwahamishia mashetani hao kwenye picha za rangi kali zilizoonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Alifariki mwaka 2005, akiwa ameithibitishia dunia kwamba fani hii inasonga mbele.

Hata hivyo, madukani vinyago vingi vina bei na havina jina la aliyevichonga. Hilo tuliondoe. Majengo mapya ya Mtwara yapambwe kwa kazi hizi, zikiwa na majina ya wachongaji, na walimu wa sanaa waanzie hapa nyumbani. Mtoto wa Mahurunga ana haki ya kumjua Likankoa kabla hajasimuliwa habari za Picasso.