Risala Haina Mtenda

Mgeni rasmi akifika kata kama Endagikot, huko Mbulu, lazima asomewe risala. Aya yake ya kwanza haina kitenzi. Ni vyeo vinafuatana: Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Manyara, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Katibu Tawala, Mkurugenzi Mtendaji, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa mitaa, wazee wa mila, mabibi na mabwana. Mwenye risala anatajwa mkiani. Mbunge asipokuwepo, wa kwanza aliyepigiwa kura ni diwani, nafasi ya tano. Wanne waliomtangulia ni wateule.

Orodha ya namna hii hupotosha kuhusu nani ana mamlaka. Katika Roma ya Augusto, magavana wa Asia na Afrika walitanguliwa na walinzi 12 waliobeba matita ya fimbo. Gavana aliyetumwa na kaisari mwenyewe alikuwa na watano tu, ila majeshi mengi yalikuwa chini ya hao wa watano. Risala nayo inamweka mkuu wa wilaya chini ya mkuu wa mkoa, lakini Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wote wawili uwezo wa kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Kwa atakayelala ndani, ngazi hiyo haina maana.

Uhodari wa kweli wa risala, na ubaya wake, umo kwenye sentensi. Penye sifa mtenda yupo: Serikali imetuletea, Mheshimiwa ametupigania. Penye kero anatoweka: zahanati haijakamilika, dawa hazitoshi, maji yanakatika. Zahanati inageuka kuwa mkosaji wa uzembe wake yenyewe! Mkurugenzi, ambaye halmashauri yake ndiyo inayosimamia jengo hilo, amekwisha kupewa heshima juu kabisa, na hapa chini hatajwi tena. Kisha inafuata “tunaomba kuwasilisha”, makofi, chakula.

Sikubali kwamba ukimya huu ni woga wa watu wa Mbulu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1960, chama cha TANU kilipotwaa viti 70 kati ya 71, kiti kimoja kilichokiponyoka kilikuwa cha Mbulu: Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU, aligombea kama mgombea binafsi akamshinda aliyeteuliwa na chama. Woga umo katika mtindo wa kuandika, nao unarithiwa kwa kunakili risala ya mwaka jana. Mnaoandika ya mwaka huu, vyeo viacheni vilivyo. Kwenye aya ya kero, andikeni nani hajakamilisha zahanati.