Majitu au Miungu? Ngeli na Upatanisho katika Kuifasiri Theogonia ya Hesiod

Anayeisimulia Theogonia ya Hesiod kwa Kiswahili hukimbilia neno moja: majitu. Watitani ni majitu, Wagiganti ni majitu, Wakiklopi wenye jicho moja ni majitu, na wale ndugu watatu wenye mikono 100 na vichwa 50 kila mmoja nao ni majitu. Shairi hilo la Kigiriki, la karne ya 8 au ya 7 K.K., haliwakusanyi hivyo.

Jitu ni ukuzaji wa mtu. Kiambishi chake hukuza umbo na mara nyingi hushusha hadhi, ndiyo maana jitu la ngano hula watu na mwishowe hushindwa na mtoto mwerevu. Watitani hawafanani nalo. Ni miungu, watoto 12 wa Ardhi na Mbingu, sita wa kiume na sita wa kike. Miongoni mwao yumo Mnemosyne, yaani Kumbukumbu, mama wa Muza ambao Hesiod anadai ndio waliompulizia sauti ya kuimba. Tukimwita Mnemosyne jitu, mamlaka yote ya mshairi yanakuwa yametoka kwa zimwi.

Wagiganti wanalikaribia neno hilo zaidi, kwani Hesiod anawaita wakubwa. Hata hivyo, anachotuonyesha ni silaha zao zinazong'aa na mikuki yao mirefu. Wachongaji wa hazina ya Wasifno huko Delphi, yapata 525 K.K., waliwachonga kama askari wenye ngao. Miguu ya nyoka tuionayo katika madhabahu ya Pergamon, ya karne ya 2 K.K., ilikuja baadaye. Tena vita vya miaka 10 vinavyosimuliwa katika Theogonia ni vya Watitani, si vya Wagiganti. Neno majitu huvifanya vita viwili kuwa kimoja.

Khaos nayo hufasiriwa vurugu au machafuko, kana kwamba palikuwa na vitu vya kuvurugwa. Maana hiyo ni ya Ovid, aliyeandika kwa Kilatini karne nyingi baadaye. Neno la Kigiriki lina nasaba na kitenzi cha kufunua kinywa wazi, na sisi tunacho kitenzi hicho hasa: achama. Napendekeza Mwachamo.

Utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika upatanisho. Kwa Hesiod, Gaia ni mama na pia ni udongo unaodondokewa na damu ya Mbingu anapohasiwa na mwanawe Kronos. Neno ni lile lile. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua kati ya jina la Kigiriki na nomino ya kawaida, au kutegemea herufi kubwa ambayo msikilizaji haioni. Kiswahili husema “Ardhi aliipokea damu, akazaa”, na kiambishi a- kinatosha kumpa uhai bila kumwondolea udongo wake. Ngano zetu zimeizoea mbinu hii: Jua na Upepo hushindana, na hakuna anayeuliza kwa nini wamechukua wa-.

Litazuka pingamizi kuhusu Mbingu, neno lililokwisha kupewa uzito na Msahafu na Biblia. Anga lingekuwa salama zaidi, lakini lingekuwa jepesi mno. Hesiod mwenyewe anasema Ouranos aliumbika awe makao imara ya miungu, na ukatili wa kisa hauhisiki mpaka anayehasiwa awe Mbingu.

Upatanisho huohuo unatuonya tusimpe kila asili nafsi. Khaos katika Kigiriki ni ya jinsia isiyo ya kike wala ya kiume, na Hesiod hasemi kwamba ilizaa. Anasema tu kwamba Erebos na Usiku walitokea humo, ilhali Usiku anapewa mimba na uzazi waziwazi. Kwa hiyo: Mwachamo ulikuwapo kwanza, kutoka humo wakatokea Erebos na Usiku, kisha Usiku akamzaa Mchana. Kutoka u- hadi a-, msomaji anaona mahali ambapo uzazi unaanza.