Kikwapa Cheupe

Pale Ngamiani, mjini Tanga, palikuwa na dobi ambaye hakupokea shati kabla ya kuligeuza ndani nje. Mteja akishamkabidhi, aliingiza mkono wake katika mkono wa shati, akauvuta mpaka mishono ikatazama juu, kisha akapitisha dole gumba kwapani, polepole, kuanzia ubavuni kupanda begani. Macho yake muda huo yalikuwa kwa mteja, anamjulia hali, anamuuliza habari za nyumbani. Kilichofanya kazi ni kile kidole. Pakiwa laini kama mgongoni, shati lilikwenda kwenye fungu kubwa. Pakiwa na ugumu kidogo, kama karatasi iliyolowa ikakauka, aliliweka peke yake, hata kama machoni mwa mwenyewe lilikuwa jeupe pe.

"Hili limeshaanza, mwanangu," aliniambia siku nilipompelekea shati langu la shule. Nililiinua juani, sikuona kitu. Nikadhani ananitafutia bei, nikalichukua nikaenda kulifua mwenyewe. Kabla muhula haujaisha, makwapa yote mawili yalikuwa na rangi ya binzari.

Nimekuja kuelewa baadaye sana kile alichokuwa akikisikia kwa kidole. Ugumu hutangulia, umanjano hufuata. Siku tunayoliona doa si siku lilipozaliwa. Limekuwamo kwenye nyuzi kwa majuma, linajengwa tabaka juu ya tabaka kila asubuhi tunapovaa na kila jioni tunapovua, mpaka siku moja linajitokeza nasi tunashangaa kana kwamba limeanguka kutoka mbinguni. Mzee yule alijua kuyaondoa madoa, lakini heshima yake mtaani aliipata kwa mashati ambayo hayakuwahi kupata doa. Naandika kuusifu ufundi huo, kwa sababu ni nani husifu kitu ambacho hakikutokea?

Watu wengi hulaumu jasho. Jasho linaonewa. Jasho la usoni na la mgongoni ni maji na chumvi, likikauka huacha alama hafifu inayoondoka kwa maji matupu. Jasho la kwapani ni jingine kidogo: kwapani kuna tezi za aina ya pili, zinazoamka wakati wa balehe, nazo hutoa ute wenye protini na mafuta. Ute huo hauna harufu ukitoka. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaoula na kutuachia kile tunachokiita kikwapa. Sasa dawa nyingi za kwapa, zile za kuzuia jasho lenyewe, zina chumvi za alumini. Chumvi hizo huingia kwenye vinyweleo na kutengeneza kizibo chepesi, jasho likapungua. Zile zisizoingia hubaki juu ya ngozi, na kutoka hapo huhamia kwenye nguo. Zikikutana na protini na mafuta ya jasho ndani ya nyuzi za pamba, hushikana, hukauka, hukaza. Huo ndio ugumu aliousikia dobi. Kila shati linapopigwa pasi, moto huzidi kuzifunga, na rangi hukolea.

Kwa hiyo doa halitokani na jasho peke yake wala dawa peke yake. Ni mtoto wa ndoa yao, na aliyewaoza ni mwenye shati, kwa haraka zake za asubuhi.

Lugha yetu ililijua jambo hili zamani. Kikwapa ni harufu ya kwapani, kila mtu anajua. Lakini mwulize fundi wa kanzu. Atakutajia badani, yaani kipande cha mbele na cha nyuma. Atakutajia taharizi za ubavuni, sijafu ya mkononi, na atakutajia kikwapa: kile kipande kidogo cha kitambaa kinachoshonewa chini ya mkono, pale unapoungana na kiwiliwili. Neno moja kwa harufu na kwa kiraka kinachoipokea. Nilipolisikia mara ya kwanza kwa fundi nilisimama kimya. Waliokata kanzu hizo walikwishafikiri kwamba hapo ndipo mwili unapoisema nguo, basi wakapatengea kitambaa chake. Kikwapa huupa mkono nafasi, hupitisha hewa, huzuia nguo isigande mwilini. Kikichoka hufumuliwa, kikatiwa kingine, na kanzu ikaendelea kwenda msikitini. Shati la kiwandani halina kikwapa. Mshono wa mkono unakutana na mshono wa ubavu papo hapo, pamebana, pamelowa, na doa likiingia limeingia kwenye shati zima.

Tena kanzu ilikuwa na msaidizi wake, chetezo. Nguo ilitandazwa juu ya moshi wa udi mpaka ikanukia yenyewe, mwili ukaoshwa, ndimu ikapitishwa kwapani au jiwe la shabu kama lile la kinyozi, mtu akavaa. Shabu nayo ina alumini, sitaki kumdanganya msomaji. Ila jiwe lililolowanishwa huacha utando mwembamba sana, na halina nta wala mafuta ya kushika kitambaa.

Dawa ya dukani ina historia fupi kuliko tunavyodhani. Ya kwanza kupewa jina la biashara iliitwa Mum, ilitoka Philadelphia mwaka 1888, nayo ilikuwa ya kuua harufu tu. Za kuzuia jasho zilifuata, na mojawapo, Odorono, ilisambazwa na msichana wa Cincinnati aitwaye Edna Murphey. Baba yake, daktari wa upasuaji, aliitengeneza ili viganja vyake visitoe jasho wakati wa kazi. Binti akaona ina matumizi mengine, na majira ya joto ya mwaka 1912 akaipeleka kwenye maonyesho Atlantic City, ambako joto lenyewe lilimfanyia biashara. Lakini ilikuwa kali. Ilikuwa kloridi ya alumini ndani ya asidi, ikiwasha ngozi na kula nguo, na wanunuzi walishauriwa waipake kabla ya kulala, waiache ikauke. Karibu miongo mitatu ilipita hadi Jules Montenier alipopata hataza yake mwaka 1941 kwa njia ya kuipunguza ukali. Asidi ikalegea, nguo zikaacha kutoboka. Na ule ushauri wa kupaka usiku na kusubiri ikauke ukasahauliwa pamoja na dawa ile kali.

Ni hasara, kwa sababu ndiyo nusu ya ufundi wenyewe. Usiku mwili umetulia, jasho ni kidogo, dawa inapata nafasi ya kuingia kwenye vinyweleo inapotakiwa badala ya kubaki juu ikingoja nguo. Kuoga asubuhi hakuiondoi kazi iliyokwisha kufanyika. Asiyeweza kupaka usiku, apake asubuhi mara tu anapotoka kuoga na kujifuta, kwapa likiwa kavu kweli, kisha afanye mengine yote kabla ya kugusa shati: avae suruali, achane nywele, anywe chai. Shati liwe la mwisho. Dobi wetu alikuwa na kipimo chake, nami nimekifuata mpaka leo: weka mgongo wa kiganja kwapani. Kikitoka na ubaridi au utelezi, bado. Na kiasi ni mapito mawili ya rolioni. Anayepaka mara sita hapati ulinzi mara tatu. Ngozi imeshachukua haja yake, ziada yote ni ya kitambaa.

Fulana ya ndani inasaidia sana, ile nyepesi ya pamba yenye mikono mifupi. Singlendi haifiki kwapani, kwa hiyo hapo haina msaada. Tetroni hukauka upesi na wengi huipenda kwa sare, lakini hushikilia mafuta ya mwili na harufu yake kuliko pamba. Kwa joto la pwani, popolini ya pamba iliyo na nafasi kidogo chini ya mkono inapendeza zaidi.

Kisha inakuja jioni, na hapa ndipo mashati mengi yanapopotea. Tunavua, tunalitupa kwenye tenga, linalala limekunjwa na unyevu wake siku nne, tano, mpaka Jumamosi. Doa linapewa siku zote hizo likae nyumbani kwake. Nimeona jambo ambalo kwanza lilinishangaza: watoto wenye shati moja la shule, linalofuliwa kila jioni na kuanikwa usiku kwenye kamba ya uani, mara nyingi wana makwapa meupe kuliko watu wazima wenye mashati kumi kabatini. Mama zao hawana dawa ya ajabu. Shati halijawahi kulala na jasho. Kila asubuhi barabarani ukiwaona wanafunzi na mashati yao meupe, wamepangana kando ya lami, unaona kazi ya mikono ya usiku uliopita, na mikono hiyo haionekani.

Si lazima kufua shati zima kila siku. Kinachotakiwa ni kuligeuza ndani nje na kulisuuza makwapa tu, kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huipika protini ikaganda kama ute wa yai. Sabuni ya kipande ipakwe upande wa ndani, kitambaa kisuguliwe kwa kitambaa, vidole vikiwa karibu, bila brashi ngumu inayochuna nyuzi na kuwapa adui mahali pa kujificha. Maji nayo yana neno. Visima vingi vya pwani vina maji magumu, sabuni haitoi povu, na masalia yake hubaki kwenye nguo yakaipa ule weupe uliochoka. Bibi yangu alikuwa na pipa chini ya mfereji wa bati, na maji ya mvua yalikuwa ya vitu viwili: chai na nguo nyeupe.

Dole gumba likikuta ugumu, hujachelewa. Alumini huachia mbele ya uchachu. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, makwapa yakalowekwa nusu saa kabla ya kufua, huulegeza ule ukoko. Juisi ya ndimu na chumvi hufanya kazi hiyo hiyo, kwa nguo nyeupe tu, na isuuzwe vizuri, maana ndimu na jua pamoja hufifisha rangi. Lililokwisha kuwa manjano hutaka zaidi: uji mzito wa bekingi soda na maji, au peroksaidi ya duka la dawa, ukae saa moja, ufuliwe, uanikwe juani.

Klorini, hapana. Nalisema hili kwa uchungu. Nilikuwa na shati la pamba nililoshonewa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na usiku wa kuamkia siku yenyewe niliona kivuli cha manjano kwapani. Nikalimwagia dawa ya klorini, nikaamini weupe huitwa na ukali. Asubuhi kivuli kilikuwa kimekuwa dhahabu. Klorini hulikoleza doa la aina hii badala ya kulitoa, na kibaya zaidi, ikichanganywa na siki hutoa hewa ya sumu ambayo haifai kuvutwa na mtu chumbani. Nilikwenda harusini na koti, katika joto la Januari, nikakaa nalo mpaka mwisho.

Yule mzee alikuwa na kanuni moja zaidi, ya pasi. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, na alipofika kwenye mikono ya shati alisimama, akageuza, akapitisha tena kile kidole. Shati lenye ugumu halikupigwa pasi siku hiyo. Lilirudi kwenye beseni, hata mteja akisimama mlangoni analalamika kwamba ana safari. Nakumbuka mtu mmoja akimpigia kelele, naye anajibu kwa upole, "Nikipiga pasi, hili nitakuwa nimelizika. Njoo kesho, bwana." Alipoteza wateja kwa sababu hiyo. Wengine walihamia kwa madobi wenye haraka, wakarudi baada ya mwaka na mashati yenye makwapa ya kahawia, naye akawapokea bila neno.

Alikuwa halipwi kwa kuzuia. Bei ilikuwa ya kufua na kupiga pasi. Kidole, subira, na kule kurudisha shati kwenye beseni havikuwa na senti. Hata hivyo nililikuta shati moja alilolitunza, la marehemu baba, nilipokuwa nikipanga sanduku lake. Kola imechakaa, kifungo cha tatu kimebadilishwa, mfuko una wino uliofifia. Nikaligeuza ndani nje, nikapitisha dole gumba kwapani kutoka ubavuni kupanda begani. Palikuwa laini kama mgongoni.

Basi wewe unayesoma, jioni ya leo ukivua shati, usilitupe kwenye tenga. Ligeuze kwanza, uguse.