Kigae Kisichong'aa

Kitabu cha Neville Chittick juu ya Kilwa, kilichochapishwa mwaka 1974 kwa juzuu mbili, ni kazi kubwa. Vyungu vya wenyeji hakuvisahau. Lakini tarehe za mji alizipima zaidi kwa vyombo vya ng'ambo, na ustawi wake akauhusisha na watawala waliohamia.

Kasumba hiyo ingali nasi. Mtu akiokota kijitoni Kinjumbi kigae cha kaure na kingine cha udongo chenye michoro ya kukwaruza, huenda akatunza cha kwanza, akatupa cha pili. Kumbe cha pili ndicho shahidi wa waliofinyanga na kupika hapa. Kingo zake zikiwa kali, yaelekea maji hayakukisomba mbali. Makazi yalikuwa karibu. Tusipokisoma, historia yetu itasimuliwa na shehena za wageni.