Polo Hana Jina

Kwa kinyozi wa Baba Dogo, gazeti halikuwa la mtu mmoja. Nakala moja ya Taifa Leo ilishinda kwenye benchi tangu asubuhi, ikipitia mikono ya wanaongoja kunyolewa na ya wale ambao hata nywele hawana, wamekuja kusoma tu. Jioni ilikuwa imelegea kama kitambaa cha jikoni. Na tuseme ukweli, wengi hawakuanza na ukurasa wa mbele. Walianza na Dondoo.

Kama hukuwahi kuzisoma, Dondoo ni vile visa vifupi vinavyofunguka kwa jina la mtaa, kisha kioja. Jamaa kafumaniwa. Landilodi kang'oa mlango juu ya kodi. Kidosho kamuumbua polo mbele ya marafiki. Wahakiki wetu huuruka ukurasa huo wakikimbilia mashairi, na naona wanakosea. Kisa kizima, na majibizano yake na kicheko cha majirani, kinakwisha kabla chai haijapoa. Lakini kanuni yake nzito ni moja: hakuna jina. Ni polo, kalameni, kidosho, buda. Mtaa unajulikana, mtu hajulikani. Ungeweza kusoma kioja cha Baba Dogo ukiwa Baba Dogo, ukakisia ni ploti gani, na mhusika yuko kando yako anacheka na nyinyi.

Sizitakasi. Mara nyingi ni mwanamke anayebebeshwa kicheko, na mtaa kama wetu ulifikiwa na kioja upesi kuliko habari ya maji.

Siku hizi benchi lina simu sita na gazeti hakuna. Tunaambiwa intaneti imeua magazeti, lakini Dondoo haikufa. Imehamia TikTok na magrupu ya WhatsApp. Fumanizi linarekodiwa kabla mlango haujafunguka vizuri. Aliyeachwa nyuma ni polo. Uso upo, jina lipo, saa zingine hata namba ya simu. Mwandishi wa Dondoo alikuwa na mhariri juu yake. Huyu anayerekodi ana bando tu.

Sheria tunayo, ya kulinda data, tangu 2019. Mwaka wa 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Sawa, lakini klabu ina anwani. Video iliyopitia magrupu arobaini utamshtaki nani?

Ndiyo maana mijadala ya mustakabali wa uanahabari hunichosha. Karatasi au mtandao, nani atalipa: Nation ilianza kutoza wasomaji wake wa mtandaoni 2021, na bado tunabishana bei. Mimi nauliza nani atakuwa na kazi ya kufuta jina. Majirani zetu wa Korogocho walianzisha Koch FM mwaka wa 2006, studio ikiwa ndani ya kontena. Mtangazaji wa pale akimtaja mtu vibaya leo, kesho wanakutana sokoni. Huyo ana sababu ya kufikiri mara mbili.

Juzi kwa kinyozi simu ilizungushwa. Mwanamke, mlango, matusi. Tulicheka, hadi mmoja akauliza, "Huyu si yule mama wa ploti ya nyuma?" Kijana wake alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa.