Picha za Njaa: Kazi ya Mohamed Amin

Sisi tulio huku Mulungwishi tumezoea picha za vita na njaa, nyingine za nchi yetu wenyewe. Mara nyingi hatuulizi ni nani aliyezipiga, wala aliwatazamaje watu wale. Leo twataka kumpima mmoja wa wapiga picha hao, Mohamed Amin.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, katika jamaa ya Wahindi wa Punjab, akakulia Dar es Salaam. Huko alianzisha kampuni yake, Camerapix, mwaka 1963. Miaka mitatu baadaye alifungwa Zanzibar karibu mwezi mzima kwa sababu ya picha zake.

Lakini kazi iliyomtambulisha ni filamu ya Korem, Ethiopia, iliyoonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Ni dakika saba hivi tu. Kunapambazuka, watu maelfu wamelala chini katika baridi. Kamera haina haraka. Yapita juu ya umati, kisha yakaa mbele ya uso mmoja, hata mtazamaji asiweze tena kusema "maelfu". Mama na mtoto wake mchanga wamefungwa pamoja katika sanda. Ustadi wake ni huo: kukaa karibu na kutazama kwa saburi. Sadaka zikamiminika, na tarehe 13 Julai 1985 wanamuziki wakaimba London na Philadelphia ili kuchanga fedha.

Hata hivyo tuna neno. Wenye njaa twawaona sana, twawasikia kidogo mno. Msimulizi ni Mwingereza, Michael Buerk, na vita vilivyozidisha njaa pamoja na ukame havikuelezwa vya kutosha. Kosa hilo si la mpiga picha peke yake. Lakini sisi wa Kongo twajua uchungu wa kupigwa picha siku ya msiba bila kuulizwa jina. Picha ya namna hiyo huleta chakula. Heshima ya mtu haiirudishi yote.

Mwaka 1991 mlipuko wa Addis Ababa ulimwondolea mkono wa kushoto, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazija.

Basi, tukionyeshwa msiba wa wengine, tutoe sadaka yetu, tena tuulize: huyu anaitwa nani, naye mwenyewe asema nini?