Mbege Inahesabiwa Kurudi Nyuma

Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya kwenda Moshi hayana kiti. Wachagga wanakwenda kuhesabiwa, kama wenyewe wasemavyo, na barabara ya kutoka Kiboriloni kupanda Old Moshi hujaa magari yaliyobeba mchele, mafuta, soda na watoto waliolala. Ukimuuliza mtu sikukuu ya huku ina nini, atakutajia nyama kwanza: ndafu, kisusio, supu ya mtori asubuhi. Sina ugomvi na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa. Lakini mbuzi anaweza kununuliwa leo na kuliwa leo. Fundi ninayetaka kumsifu ni yule aliyeanza kazi karibu wiki mbili kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi, naye ni mpika mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

Ugumu wa mbege ni kwamba haisubiri mtu. Siku ya kwanza ina utamu, ya pili imekolea, baada ya hapo inaelekea kwenye uchachu ambao wazee wachache wanaupenda na wageni wengi wanaukimbia. Kwa hiyo anayepikia Krismasi haanzi na ndizi. Anaanza na tarehe 25 na kuhesabu kurudi nyuma. Mso, yaani uji wa ulezi, lazima uchanganywe tarehe 24. Ili hilo liwezekane, ndizi ziwe zimepikwa na kukaa siku kadhaa. Ili zipikwe, ziwe zimeiva. Ili ziive, mikungu iwe imekatwa mapema. Na hesabu hiyo haifanani kijiji kwa kijiji, kwa sababu Kidia, juu mlimani, kuna baridi kuliko Kiboriloni, na baridi huchelewesha kila kitu. Anayehama kwa ndoa kutoka bondeni kupanda juu hulazimika kujifunza upya.

Ndizi zenyewe hutoka kihambani. Mchare ni wa mtori na wa kupika na nyama. Haugeuzwi mbege ovyo. Za pombe ni ndizi nyingine, na mikungu yake huivishwa taratibu, darini juu ya moto au shimoni ikifunikwa kwa majani makavu. Kihamba ni bustani ya ngazi ngazi: mti mkubwa juu, mgomba chini yake, kahawa chini ya mgomba, na maharage au magimbi chini kabisa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, kwenye mlima huuhuu wa Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya mfumo huo. Mpika mbege hahitaji cheti hicho. Anajua mgomba upi uko tayari, na anajua ni nani wa kuombwa mkungu wake ukipungua.

Kisha zinapikwa. Ndizi humenywa, hutiwa kwenye pipa pamoja na maji, na huchemka kwa saa nyingi. Mama mmoja wa Kidia niliyekaa naye jikoni hakutazama saa hata mara moja. Kila baada ya muda alichovya mwiko, akauinua kwenye mwanga wa mlangoni, na kuacha maji yadondoke polepole huku akiyatazama rangi. Mwanzoni yalikuwa ya njano iliyofifia. Baadaye yakawa ya kahawia, na mimi nikadhani kazi imekwisha. “Bado,” alisema, akasukuma ukuni ndani. Alikuwa anasubiri wekundu wa udongo wa mlima baada ya mvua, na ulipokuja niliuona hata mimi nisiye fundi. Pipa likaepuliwa, likaachwa lipoe, likafunikwa. Hiyo ndiyo nyangi, na siku zinazofuata inafanya kazi yenyewe, ikitoa povu.

Wakati nyangi imelala, ulezi unashughulikiwa. Huloweshwa, hutandazwa juu ya majani ya mgomba, hufunikwa, huachwa uchipue. Punje zikishatoa vimizizi vyeupe hukaushwa juani na kusagwa. Hapa pana elimu kubwa. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kuwa kilevi. Ukiwahi, vimeng'enya ni haba. Ukichelewa, chipukizi limekula sukari uliyoitaka. Wajapani wanaotengeneza sake kwa mchele walikutana na tatizo hilohilo la wanga wakapita njia nyingine: huotesha ukungu uitwao koji juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, na ukungu ndio unaouvunja wanga. Nawaheshimu sana mafundi wa koji. Lakini duniani kote wanasifiwa vitabuni, na aliyejua kuchipusha ulezi kwenye jani la mgomba anaitwa mama wa pombe basi. Wajapani wenyewe wamefika chini ya mlima huu: mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kwa msaada wao miaka ya 1980, na mpunga wa tambarare ile uko kwenye sufuria nyingi za sikukuu huku juu. Umwagiliaji wenyewe haukuwa mgeni. Mababu walichimba mifongo, yaani mifereji, kuteremsha maji ya mtoni, na sehemu ya maji hayo ilikuwa ya kumwagilia ulezi wa mbege.

Unga wa ulezi hupikwa uji mzito, ndio mso, ukapozwa. Nyangi hutiwa maji na kuchujwa, kisha huchanganywa na mso. Kinachobaki ni uchungu, nao hutoka kwenye magome ya msesewe, yaliyokaushwa na kuchemshwa. Kipimo chake ni cha mkono na ulimi. Yakizidi, mnywaji anakunja uso. Yakipungua, mbege inakuwa uji wa ndizi. Anayejua kazi habandui gome kuzunguka shina zima, maana mti huo utakufa. Anachukua upande mmoja na kuuacha upone.

Wapo wanaofupisha safari hii kwa sukari na hamira ya dukani. Inalevya, hiyo sibishi. Ila haina ule mpangilio wa utamu unaotangulia, uchungu unaofuata, na ulezi unaobaki kwenye ulimi, na siioni sababu ya kuipa jina moja na ile nyingine.

Mbege iliyopikwa vizuri huanza kwa wazee, katika kata, nao ndio wanaotoa hukumu. Mlimani huku haikuwa ya sikukuu tu. Aliyekosa alikwenda kuomba radhi na jani la isale, na mbege ikanywewa pamoja ndipo ugomvi ukafungwa. Harusi inaitaka, posa inaitaka. Kila mara kuna mtu aliyehesabu siku kurudi nyuma ili ifike ikiwa tayari.

Ukialikwa Old Moshi Desemba hii, usiulize tu kama mbege ipo. Uliza mso umetiwa lini. Ukiambiwa jana, nenda leo, na kabla ya kuondoka mtafute aliyeipika, umshukuru kwa jina lake.